Shaaban Robert na Kamati ya Kiswahili

Mwanafunzi, jina la Shaaban Robert umeshalikuta kwenye mashairi na riwaya. Hapa mtazame mahali ambapo watahiniwa wengi hawamtazami: kwenye kikao cha kamati.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, Tanga. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, mwaka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha. Karibu maisha yake yote ya kazi aliitumikia serikali ya kikoloni.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Kimvita kikaachwa, japokuwa wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekipigania. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Ilikuwa na wajumbe 17, na miongoni mwao hapakuwa na Mwafrika hata mmoja! Kamati hii ndiyo iliyokagua vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Kwa hiyo Mswahili aliyezaliwa na lugha yake alisahihishwa na watu waliojifunza lugha hiyo ukubwani. Usichukulie ujumbe wa kamati kuwa cheo tu. Aliyekaa mle ndiye aliyeamua neno lipi ni sanifu na lipi si sanifu.

Milango ilianza kufunguliwa polepole kuanzia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye Shaaban Robert akawa mjumbe. Wanafunzi wangu hapa Ipogolo huniuliza kwa nini alikubali kukaa na wakoloni, tena akapokea nishani yao ya MBE. Swali zuri. Mimi naona kwamba kususa kungewaachia wengine kalamu nyekundu. Tena hakunyamaza. Katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Nchi yenyewe inaelea angani, hivyo mkaguzi hakuwa na pa kumkamatia mwandishi.

Angalia miaka hii, maana watahiniwa huichanganya: Shaaban Robert alifariki Juni 1962, na kamati ikageuzwa kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), Dar es Salaam, mwaka 1964.