Livingstone na mto uliokataa kuwa barabara

KILA ninapofika mlango wa Mto Ruvuma, upande wetu wa Palma, humkumbuka mzungu mmoja ambaye kila mtoto wa shule analijua jina lake. Wachache wanajua kwamba aliujia mto huu mara tatu, na mara zote ukamshinda. Huyo ni Dk. David Livingstone.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, Machi 19, 1813, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 tayari alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba, akifanya kazi mchana na kusoma usiku, hadi akawa daktari na mmisionari. Alifika Afrika Kusini mwaka 1841, na ilipofika 1856 alikuwa amelivuka bara hili kutoka Luanda hadi Quelimane.

Safari yake ya pili ndiyo iliyomleta kwetu. Alitaka njia ya maji ya kufika Ziwa Nyasa bila kupita Zambezi, ambako Wareno walikuwa wameshika mlango. Aliamini kwamba biashara halali ikipata njia, biashara ya watumwa itakufa. Tena alitumaini Ruvuma inatoka ziwani, kumbe chanzo chake ni milima ya Matagoro, karibu na Songea.

Mapema mwaka 1861 akaingia na meli yake, Pioneer. Baada ya maili kama 30 maji yakaanza kupungua, ikabidi ageuze kabla ya kukwama. Septemba 1862, miezi michache baada ya kumzika mkewe Mary huko Shupanga, akarudi na mashua. Akapanda zaidi ya maili 100, miamba ikamzuia. Mwaka 1866 hata ngamia wake hawakuweza kushushwa hapo kwa sababu ya mikoko. Akashukia Mikindani na kwenda kwa miguu.

Marehemu mjomba wangu, aliyevua kamba katika mlango huo maisha yake yote, angeweza kumweleza. Mchanga na tope lililomsumbua Livingstone ndilo linalotulisha sisi. Wakati wa masika mto hubeba udongo na majani makavu kutoka bara. Majani hayo, pamoja na ya mikoko, huoza. Vijidudu huyala, kamba na kaa hula vijidudu, samaki hula kamba, nasi tunakula samaki. Wataalamu huifuatilia safari hiyo kwa kuitazama kaboni. Jani huitoa hewani, tumbo hulipokeza tumbo jingine, na kila kiumbe kinachopumua huirudisha hewani. Nyingine huzikwa katika tope la mikoko na kukaa humo karne nyingi.

Cha ajabu ni kwamba Livingstone aliionja safari hiyo kwa ulimi wake. Mwaka huohuo wa 1861, akiwa Ziwa Nyasa na Dk. John Kirk, aliona mawingu juu ya maji, kama moshi wa nyasi zinazoungua. Hayakuwa moshi bali kungu, wadudu wadogo kuliko mbu. Wenyeji waliwakusanya usiku, wakawapika na kuwashindilia kuwa mikate myeusi. Akapewa, akala, akaona ladha yake inakaribia ile ya mayai ya samaki yenye chumvi.

Leo tunajua kwamba mabuu ya kungu hujificha kilindini mchana ili kuwakwepa samaki. Usiku hupanda kula viumbe vidogo, ambavyo navyo vimekula mimea ya majini isiyoonekana kwa macho. Wakishaota mbawa, huliacha ziwa. Hivyo kaboni ambayo ingezama chini kabisa, kusiko na oksijeni, huishia katika chungu cha mtu.

Hadi mwisho, maji yaliendelea kumchanganya. Alidhani Lualaba ni mwanzo wa Nile, kumbe ni Kongo. Alifariki Mei 1, 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na vinamasi vya Bangweulu, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake hapo, wakaubeba mwili hadi Bagamoyo. Ulizikwa Westminster, London, Aprili 1874.

Simlaumu kwa nia yake. Mwaka 1866, alipokuwa akiufuata Ruvuma kwa miguu, aliona maiti ya mwanamke mtumwa aliyefungwa mtini, na mambo kama hayo hayamwachi mtu akalala. Kosa lake lilikuwa kuutazama mto kama barabara tu.

Nasi tusijidai tumepona ugonjwa huo. Tangu gesi ilipogunduliwa mwaka 2010 katika bahari iliyo mbele ya Palma, wengi huyatazama maji haya kama mfereji wa fedha. Gesi nayo ni kaboni, mabaki ya viumbe vya kale. Vita iliyoanza mwaka 2017 iliwakimbiza wavuvi wengi, na wanaorudi hawaulizi bei ya gesi. Wanauliza kama kamba bado wapo. Anayetaka kuamua lolote juu ya mlango wa Ruvuma na aanze na swali hilo.