Habari za Komitas, Kasisi Aliyeandika Nyimbo za Taifa Lake

Twataka kuwasimulia maisha ya Komitas, mtu wa taifa la Waarmenia. Taifa hilo ni katika mataifa ya kwanza kabisa kuupokea Ukristo. Komitas hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa yatima, kisha mwalimu wa nyimbo, tena kasisi. Lakini kazi yake yafaa ijulikane na kila mtu aongozaye kuimba kanisani.

Alizaliwa mwaka 1869 katika mji wa Kütahya, nchi ya Uturuki, akaitwa Soghomon, yaani Sulemani. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, na mama yake alifuma mazulia. Wote wawili walisifiwa kwa sauti zao nzuri. Mama alifariki mtoto akali mchanga, na baba naye akafariki kabla kijana hajatimiza miaka 12. Ikawa mwaka 1881 kasisi mmoja alitafuta yatima mwenye sauti njema, ampeleke katika chuo cha Etchmiadzin, palipo makao makuu ya Kanisa la Waarmenia. Soghomon akachaguliwa. Hata alipofikishwa mbele ya Katolikosi, mkuu wa kanisa lile, hakuweza kumjibu kwa Kiarmenia, kwa maana huko kwao watu walisema Kituruki. Ndipo akaimba wimbo wa kanisa kwa Kiarmenia, wala hakuyafahamu maneno yake, naye akapokewa. Hivyo mtoto huyo aliingia katika lugha ya baba zake kwa mlango wa wimbo.

Chuoni alijifunza lugha, na nyimbo za kanisa, na namna ya kuziandika. Tena alisikiliza nyimbo za wakulima wa vijiji vya karibu, akaanza kuziandika. Alipopewa ukasisi aliitwa Komitas, jina la Katolikosi wa zamani aliyekuwa mtunga nyimbo.

Mwaka 1896 alikwenda Berlin, akakaa miaka mitatu akisoma elimu ya muziki. Alijifunza kupatanisha sauti nyingi, kuongoza kwaya, na historia ya muziki wa mataifa. Mtu aweza kudhani ya kuwa kijana aliyeonjeshwa mambo hayo makubwa angezidharau nyimbo za wachunga kondoo wa kwao. Lakini haikuwa hivyo. Kadiri alivyozidi kuzijua nyimbo za wageni, ndivyo alivyozidi kuuliza habari za nyimbo zake mwenyewe. Alipozilinganisha aliona kwamba nyimbo za Waarmenia hazikujengwa kama zile za Wajerumani. Zimefungwa sauti nne nne, na sauti ya mwisho ya fungu moja ndiyo ya kwanza ya fungu lifuatalo, kama pete za mnyororo. Basi, akajua kwamba wimbo wa namna hiyo haufai kuvikwa vazi lililokatwa kwa mwili wa mwingine. Imempasa mwalimu kuutafutia sauti zinazotoka katika wimbo wenyewe. Mwaka 1899 aliwaeleza mambo hayo wataalamu wa Berlin, kisha akarudi Etchmiadzin.

Tangu hapo alizunguka vijijini. Aliona kwamba mkulima akiombwa kuimba bila sababu huona haya, kwa kuwa wimbo wa kulima una mahali pake shambani, nyuma ya ng'ombe, na wimbo wa arusi una siku yake. Kwa hiyo alikwenda penye kazi na penye karamu, akasikiliza na kuandika. Hata nyimbo za Wakurdi, jirani zao, aliziandika. Mwaka 1906 wasikilizaji wa Paris walizistaajabia nyimbo hizo. Lakini nyumbani wako makasisi walionung'unika, wakiona si kazi ya mtu wa kanisa kuandika nyimbo za mapenzi na za mashamba. Mwaka 1910 alihamia Konstantinopoli, akakusanya kwaya ya waimbaji wapatao 300.

Ndipo msiba ukaja. Tarehe 24 Aprili 1915 serikali ya Uturuki iliwakamata Waarmenia wengi wenye elimu katika mji ule, na Komitas miongoni mwao, wakapelekwa mbali barani. Wengi wao waliuawa. Yeye alirudishwa baada ya majuma machache, lakini moyo wake ulikuwa umevunjika kwa mambo aliyoyaona, na karatasi zake nyingi zilipotea. Alitiwa hospitali mwaka 1916, na mwaka 1919 alipelekwa Ufaransa. Hakutunga tena. Alifariki Paris tarehe 22 Oktoba 1935, na mwaka uliofuata alizikwa Yerevan.

Katika nyimbo elfu kadha alizoziandika, zimesalia zaidi ya elfu moja. Fikirini, wasomaji: vijiji vingi vya Waarmenia katika Uturuki vilibaki bila wenyewe. Waimbaji walikufa au walitawanyika, na wimbo usioandikwa ulikwenda kaburini pamoja na mwimbaji. Nyimbo alizozitia katika karatasi huimbwa mpaka leo, na watoto wa waliotawanyika huzijua.

Sisi nasi tumefundishwa tuni nyingi zilizotoka Ujerumani, na twazipenda. Lakini mtu ajifunzaye wimbo wa mgeni na aulize pia: Je, mama zetu walibembelezaje watoto? Wazee waliimba nini walipolima, walipooza, walipozika? Wako wazee wanaokumbuka. Mwalimu ajuaye nota na aende kwao na kalamu, asikilize kwa heshima, aandike maneno na sauti, na jina la kijiji. Komitas alianza na vijiji vilivyokuwa karibu na chuo chake. Nasi tuanze na nyumba iliyo karibu.