Mekatilili: Rufaa Aliyoikata kwa Miguu

Ukipita ile bustani ya Malindi yenye sanamu ya Mekatilili wa Menza, usipige selfi tu ukaenda zako. Kisa cha yule mama kinakuhusu, hasa kama una ndugu au beste aliyefungwa juzi akaambiwa anyamaze, atumikie kifungo.

Jina lake la kuzaliwa ni Mnyazi. Alipomzaa Katilili ndipo akawa Mekatilili, yaani mama Katilili, vile tu mtaani kwenu kuna Mama Brayo. Hakuwa chifu. Alikuwa mjane wa Kigiriama, lakini akisimama kuongea watu wanatulia.

Mwingereza alikuwa anataka kodi ya nyumba, na anataka vijana wa Kigiriama wakavunjike mgongo kwenye mashamba ya walowezi. Mekatilili akazunguka vijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, umati ukimfuata. Mwaka 1913 watu wakakusanyika Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha fisi: Mwingereza hapewi kodi, hapewi kijana.

Oktoba 17, 1913 akakamatwa, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola. Adhabu ikawa miaka 5 uhamishoni Kisii, upande mwingine kabisa wa nchi.

Sasa jiulize, ni nini kilichofanya kosa lake lionekane zito hivyo? Ni kwamba watu walimsikiliza, basi. Ushawishi wake ndio uliohesabiwa kuwa hatari. Na waliompima ni watawala wale wale aliokuwa akiwapinga. Angemlilia nani?

Akajibu kwa miguu. Januari 1914 yeye na Wanje wakatoroka, wakakata nyika na misitu, zaidi ya kilomita 700, mpaka wakafika nyumbani. Hebu piga picha, hakuna matatu, hakuna simu, na wewe ni mama mtu mzima!

Agosti mwaka huo serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, naye akakamatwa tena na kurudishwa uhamishoni. Alirudi kwao 1919. Alifariki miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, huko Magarini.

Wewe huhitaji kutembea kutoka Kisii. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inampa aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa. Kama kesi ilikuwa kwa hakimu, unaenda Mahakama Kuu, na Malindi ipo. Huko jaji anaweza kugusa adhabu kama hakimu alitia mizani jambo lisilostahili, mathalani makosa ya zamani ambayo hayakuthibitishwa, au aliacha jambo la maana, au adhabu imezidi kipimo. Huyo jaji hakai kusikiliza kilio tu. Anataka uonyeshe pale hakimu alipokosea.

Lakini chunga mambo mawili. Muda ni siku 14 tangu hukumu, usizimalize ukilia kwenye baraza ya korti. Pili, Mahakama Kuu inaweza pia kuongeza adhabu, kwa hivyo tafuta wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kwanza.

Mekatilili hakuwa na mlango wa kubisha. Wewe unao, bisha mapema.