Daktari Bob na Mama Anne: Nyumba Isiyofungwa Mlango



Mke wa mlevi huwa na kazi mbili kila siku. Ya kwanza ni kutafuta mahali mumewe alipoificha pombe. Ya pili ni kuwaficha majirani wasijue. Kazi hizi humchosha mama kuliko kulima, na mara nyingi hazizai kitu. Leo nawaletea maisha ya bwana mmoja aliyekunywa kwa miaka mingi, na mke aliyezifanya kazi hizo mbili mpaka alipoziacha. Bwana huyo ni Daktari Robert Holbrook Smith wa Marekani, anayejulikana dunia nzima kwa jina la Daktari Bob. Mkewe ni Mama Anne. Hawakuwa Wakatoliki, nalisema mapema asije mtu akanung'unika. Lakini someni mpaka mwisho, mtamkuta humo sista wetu mmoja na padre wetu mmoja.

Bob alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji mdogo wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont. Baba yake alikuwa hakimu. Mtoto alikuwa mmoja tu, na wazazi walikuwa watu wa kanisa kabisa. Walimpeleka ibadani si Jumapili peke yake, hata siku za katikati ya juma. Kijana akaweka nadhiri moyoni kwamba siku atakapokuwa huru hataingia tena kanisani, na nadhiri hiyo aliitimiza kwa miaka karibu 40. Wazazi mnaowavuta watoto wenu kwenye jumuiya kwa fimbo, litafakarini neno hilo.

Katika chuo cha Dartmouth, alikomaliza mwaka 1902, alijifunza kunywa kwa bidii kuliko masomo. Baadaye akaingia udaktari. Mara kwa mara alikaribia kufukuzwa, lakini mwaka 1910 alifaulu, akaenda kufanya kazi katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya matairi. Huko alilala hospitalini kusafishwa pombe mwilini si chini ya mara kumi na mbili. Mwishowe baba yake alimtuma daktari kutoka nyumbani aende kumchukua, na Bob akalala kitandani kwa wazazi wake miezi miwili.

Anne Ripley alikuwa amemfahamu tangu ujana wao. Walikutana kwenye dansi ya shule. Miaka 17 ikapita kati ya siku ile na siku ya arusi yao, tarehe 25 Januari 1915. Bob alipofunga ndoa alikuwa ameacha kunywa, naye Anne aliamini vita vimekwisha. Wakapata mtoto wa kiume, na miaka mitano baadaye wakampokea binti na kumlea kama wa kwao.

Mwaka 1920 serikali ya Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Ungedhani hapo ndipo nyumba ingepona. Bob alijiambia kwamba sasa anaweza kuonja kidogo, kwa maana pombe yenyewe itakwisha karibuni. Haikuisha. Madaktari waliruhusiwa kuipata kama dawa, na magendo yakafanya mengine. Sisi Wakenya tuliopiga marufuku chang'aa mwaka 1980, sheria ikafutwa mwaka 2010, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Basi ikaanza miaka 17 ambayo Daktari Bob mwenyewe aliieleza baadaye bila kujificha. Asubuhi hakunywa, kwa sababu asipofanya kazi angekosa fedha za kununulia. Alimeza dawa za kutuliza mikono isitetemeke, akawapasua wagonjwa, jioni akalewa. Pombe aliificha kwenye makaa ya mawe, juu ya mihimili ya dari, na katika nyufa za sakafu ya chini. Tangi la maji la choo alilikwepa, maana aliliona rahisi mno, na baadaye akaja kujua kwamba mkewe hulikagua. Chupa ndogo aliziingiza ndani ya soksi, mpaka siku moja yeye na Anne walipokwenda kutazama filamu ambayo ilionyesha ujanja huohuo. Siku hiyo soksi zikafungwa!

Bia iliporuhusiwa tena, aliona amepata dawa. Bia haidhuru, akasema, na mke wake akamruhusu ajaze chumba cha chini ya nyumba. Haukupita muda mrefu akawa anamaliza kreti moja na nusu kwa siku. Mama unayemruhusu baba anywe zile nyepesi peke yake, umeona.

Fedha zikaisha. Marafiki wakaacha kuwaalika, nao wakaacha kualika mtu, kwa kuogopa aibu. Nyumba yao katika barabara ya Ardmore ilikuwa na deni la benki, na kama serikali isingesimamisha kwa muda minada ya nyumba wakati ule wa dhiki kuu ya uchumi, wangetupwa nje. Bob aliwaahidi mkewe na watoto mara nyingi kwamba ataacha. Ahadi hazikuwa za uongo alipozitoa. Alizitamka kwa moyo wote, na jioni akalewa. Hili ni gumu sana kueleweka na mtu asiyekunywa, hata mke.

Mwaka 1933 rafiki zao waliwaita kwenye kikundi cha sala kilichoitwa Kikundi cha Oxford. Watu walisali pamoja, wakakiri makosa yao mbele ya wenzao, wakawalipa waliowakosea. Anne alipenda, Bob akaenda naye. Aliisoma Biblia, akasali, akahudhuria kila juma kwa muda wa miaka miwili na nusu, na miaka yote hiyo aliendelea kulewa. Nakaa hapa kidogo kwa sababu najua mama fulani anasoma ambaye amempeleka mumewe kwenye semina na mafungo, akarudi vilevile, naye ameanza kusema kwamba Mungu hasikii. Daktari Bob alikuwa amepewa sala na rafiki wema. Kitu kimoja hakuwa amekipata: hakuwa amekaa na mlevi mwenzake aliyepona.

Mtu huyo alikuja Mei 1935. Jina lake Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi mitano tu. Alikuja Akron kwa biashara, ikaharibika, akabaki peke yake hotelini Jumamosi jioni, akisikia vicheko vya baa. Akaogopa. Badala ya kuingia baa alipiga simu kwa mchungaji mmoja, akiomba aonyeshwe mlevi yeyote wa kuzungumza naye. Angalieni vizuri: hakutafuta mtu wa kumsaidia yeye. Alitafuta mlevi wa kumsaidia, apate kupona mwenyewe. Simu zikamfikisha kwa mama mmoja wa kile kikundi cha sala, rafiki wa Anne.

Siku hiyo hawakuweza kukutana. Bob alikuwa amemletea mkewe ua katika chungu kwa ajili ya Siku ya Akina Mama. Ua lilikuwa juu ya meza, naye alikuwa chini ya meza, amelewa chakari. Kesho yake, tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni, Anne alimpeleka. Bob alisema atakaa robo saa, si zaidi. Wakazungumza mpaka saa tano na robo usiku. Bill hakumhubiria. Alimweleza habari zake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza Bob alimsikia mtu anayesema juu ya ulevi kwa kuujua.

Anne akafanya jambo ambalo mke mwenye aibu hafanyi: akamwalika Bill aje kuishi nyumbani kwao. Mwezi Juni Bob alikwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa tangu kwenye treni, akarudi baada ya siku kadhaa hajijui. Anne na Bill wakamlaza, wakamhudumia, kwa sababu siku tatu mbele alikuwa na mgonjwa wa kupasua. Asubuhi ya upasuaji Bill alimpa chupa moja ya bia mikono itulie. Kazi ilipokwisha, saa nyingi zikapita bila habari zake, na mnaweza kufikiri Anne aliwaza nini. Aliporudi hakuwa amelewa. Alikuwa amezunguka mji mzima kwa watu anaowadai, yaani wanaomdai yeye, na kwa wote aliowakosea, akisema ukweli na kuahidi kulipa. Siku hiyo, ambayo huadhimishwa kuwa 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA, ushirika wa walevi wanaosaidiana kupona bila kutangaza majina yao. Bob hakunywa tena mpaka kufa.

Mwezi huohuo wale wawili walikwenda hospitalini kumwona mwanasheria mmoja aliyekuwa amefungwa kitandani kwa ulevi, naye akapona. Ndipo nyumba ya Ardmore ilipojaa. Walevi walilala vyumbani, kwenye makochi, wengine wakakaa wiki nyingi. Fedha hazikuwapo, kahawa haikukosekana. Asubuhi Anne aliwakusanya, akawasomea Biblia, hasa Waraka wa Mtakatifu Yakobo, kisha wakanyamaza na kusali. Huyu ndiye mama ambaye miezi michache kabla alikuwa hakaribishi mgeni.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwa wake za walevi. Aliwatafuta, aliwapigia simu, aliwatembelea. Kwenye mikutano aliwaendea wale wageni waliokaa nyuma kwa haya, akakumbuka majina yao na ya watoto wao. Mume akiacha pombe, nyumba haiponi siku hiyo. Mke amezoea kuwa baba na mama, funguo na fedha anazo yeye, na hawezi kulala bwana akichelewa dakika kumi. Watoto wamezoea kunyamaza baba akiingia. Mambo haya Anne aliyajua kwa kuyapitia, na mwanamke aliyeketi naye jikoni hakulazimika kueleza mengi.

Si kwamba mambo yalikuwa ya heri tupu. Mmoja wa wale waliolala kwake alirukwa na akili akamkimbiza na kisu cha nyama. Akina mama, tusidanganyane: pakiwa na kisu au ngumi, jambo la kwanza ni kutoka na watoto na kwenda mahali salama. Msalaba wa ndoa si kungojea kuuawa.

Sasa tumfikie sista. Sista Ignatia, wa Shirika la Masista wa Upendo wa Mtakatifu Augustino, alizaliwa Ireland mwaka 1889. Alikuwa mwalimu wa muziki mpaka afya yake ilipovunjika, akapewa kazi ya kuandikisha wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Tomaso, Akron. Hospitali za wakati ule hazikupenda walevi. Agosti 1939 Daktari Bob alimwomba, naye akampokea mgonjwa, akaandika kwamba anaumwa tumbo. Mgonjwa alipohitaji faragha, sista alisukuma kitanda chake kwenye chumba kidogo cha kutayarishia maua. Kutoka chumba hicho ilikuja wodi nzima. Mpaka mwaka 1950 wawili hao walikuwa wamewahudumia walevi wapatao 5,000, na daktari hakudai malipo. Kila aliyetoka, sista alimpa nishani ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kwa sharti moja: akitaka kunywa tena, aje kwanza airudishe mkononi mwake.

Padre ni Mjesuiti Edward Dowling wa St. Louis, aliyekwenda New York kumtafuta Bill mwaka 1940, akawa rafiki yake na mshauri wa roho. Huyohuyo ndiye aliyefanya kazi kubwa kueneza mikutano ya Kana kwa wana ndoa. Kwake nyumba ya mlevi na nyumba ya wana ndoa wengine hazikuwa shamba mbili.

Mama Anne aliaga dunia tarehe 1 Juni 1949, katika hospitali ileile ya Mtakatifu Tomaso. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill, pamoja na rafiki yake, waliviunganisha vikundi vya jamaa za walevi vikaitwa Al-Anon. Mke huweza kujiunga hata kama mumewe bado anakunywa na hataki kusikia habari hizo. Vikundi vya AA viko Kenya pia, na vingine hukutana katika kumbi za makanisa. Muulize paroko. Kama hajui, waulizeni wawili watatu katika jumuiya yenu ndogo ambao mnajua kwamba waliacha. Wapo. Mnawajua.

Daktari Bob alimfuata mkewe tarehe 16 Novemba 1950, kwa kansa, akiwa na miaka 71. Watu walitaka kumjengea mnara. Alikataa, akataka yeye na Anne wazikwe kama watu wengine. Siku ya mazishi alitokea yule mtu wa kisu. Alikuwa na mwaka mmoja hajaonja pombe.