Festo Kivengere: Ticha wa Dodoma aliyepiga baiskeli kumwomba mzungu msamaha

Leo tumkumbuke Askofu Festo Kivengere. Wengi wanamjua kama mtu wa Uganda, kumbe alifundisha miaka kibao hapo jirani Dodoma.

Festo alizaliwa 1919 Rujumbura, Kigezi, kwenye ukoo wa kifalme, akakua akichunga ng'ombe. Alipokuwa kijana akawa mwalimu, lakini mambo ya kanisa aliyatupa kando, pombe ndo ikawa mpango mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 akaokoka, kipindi kile cha uamsho wa Balokole.

Sasa sikilizeni. Kulikuwa na mmishenari mmoja Mwingereza ambaye Festo alimchukia kwelikweli. Enzi hizo za ukoloni mzungu ni bwana, na Mwafrika ana sababu zake za kukasirika. Lakini Festo aliona hawezi kusema ameokoka huku moyoni ana chuki. Akapanda baiskeli, akakanyaga maili 50 hivi, yaani kilomita 80, kwenda kumwomba mzungu yule msamaha. Wakaanza kuitana ndugu.

Ndivyo uamsho ule ulivyokuwa. Mzungu na Mwafrika, msomi na asiyejua kusoma, walikaa pamoja, kila mtu akatubu mbele ya mwenzake. Wamishenari nao walitubu kiburi chao.

Miaka ya 1940 Festo na mkewe Mera wakahamia Dodoma. Alifundisha Alliance, shule iliyokuja kuitwa Mazengo, pale ambapo baadaye kiliingia Chuo Kikuu cha St. John's. Singida yetu wakati ule ilikuwa wilaya tu ndani ya Jimbo la Kati, makao makuu yakiwa hapo hapo Dodoma. Mwaka 1959 alikwenda kuhubiri Australia na Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Mwaka 1960 akamtafsiria Billy Graham kule Moshi.

Akawa Askofu wa Kigezi 1972. Februari 1977 maaskofu wa Uganda walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Festo na Mera wakatoroka usiku, kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda. Mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lenyewe linasema anampenda Amin! Watu walishangaa. Lakini hakunyamazia mauaji. Alikataa tu chuki imtawale tena.

Amin alipoanguka 1979, Festo akarudi nyumbani. Mwaka 1983 akawapa wanawake watatu upadri, jambo lililozua maneno mengi. Alifariki Nairobi Mei 1988.

Wadau, siku hizi tunagawanyika kwa dhehebu, kabila, na nani ana gari. Jumapili tunakaa benchi moja, Jumatatu hatusalimiani. Je, wewe kuna mtu unatakiwa umpandie baiskeli? Tiririka hapo chini.