Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyeonesha kuwa sumaku hugusa mwanga

TRENI ya umeme ipitayo Kilosa kuelekea Dodoma tangu mwaka 2024, na mitambo ya maji ya Kidatu, kusini mwa Mikumi, yenye uwezo wa megawati 204, vyote vina deni kwa Michael Faraday, aliyefariki dunia mwaka 1867.

Alizaliwa Septemba 22, 1791, pembezoni mwa London, katika familia ya mhunzi. Shule aliisoma kidogo mno, na hisabati ilimshinda maisha yake yote. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Akawa anavisoma vile alivyopewa kuvishona.

Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akayaandika aliyoyasikia, akayajalidi na kumpelekea. Mwaka uliofuata Davy alimwajiri kuwa msaidizi wake katika Royal Institution.

Mwaka 1831 aligundua kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Ndiyo kanuni ya Kidatu hadi leo.

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye swali jingine. Aliamini kuwa nguvu zote za asili zina undugu, na kwamba mwanga haukosi uhusiano na umeme na sumaku. Alianza kuutafuta mwaka 1822, asione kitu. Kufikia miaka ya 1840 afya ilimwangusha, kumbukumbu zikawa zinampotea, na utafiti ukakaribia kusimama.

Septemba 13, 1845, alichukua kipande cha kioo kizito chenye madini ya risasi, masalia ya kazi yake ya zamani ya lenzi, ambayo haikuwa imezaa matunda mengi. Alikiweka kwenye sumaku ya umeme, akapitisha ndani yake mwanga uliochujwa ili utikisike upande mmoja tu. Sumaku ilipowashwa, upande huo uligeuka kidogo.

Tangu hapo mwanga ukawa shahidi wa yaliyomo ndani ya sumaku. Mwaka 2002, kwa njia tofauti lakini ya ukoo huo, watafiti nchini Ujerumani walitumia leza kuonesha kuwa katika fuwele moja mpangilio wa sumaku na ule wa umeme umefungamana.

Faraday, aliyekataa cheo cha heshima cha ‘Sir’, alijaribu tena mwaka 1862 kuona kama sumaku hubadili rangi za mwanga wa mwali. Vifaa vyake havikutosha. Mholanzi Pieter Zeeman aliyaona mabadiliko hayo mwaka 1896, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel.