Habib Swaleh alianza na watu, msikiti ukaja baadaye

Kila ukiingia Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa wageni wa Maulidi. Wanatoka Mombasa, Malindi, Unguja, Ngazija na kwengineko. Kuna dufu, kuna mbio za punda na mashindano ya majahazi, kisha watu huenda kuzuru kaburi la Habib Swaleh na kumsomea Fatiha. Sifa zake za ucha Mungu tunazijua sote. Leo nataka kumzungumzia kwa upande mwengine, kama mtu aliyejua kuwajenga watu wa mtaa mpaka wakasimama wenyewe.

Jina lake kamili ni Swaleh bin Alawi Jamal al-Layl. Alizaliwa Ngazija katikati ya karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Alikuja Lamu akiwa kijana, akakaa na jamaa zake na kusoma kwa wanazuoni wa pale. Angetaka, angeishi maisha ya starehe. Sharifu wakati ule alikuwa na heshima yake tayari, na milango ya nyumba kubwa za mawe za Mkomani ilikuwa wazi kwake.

Lakini Lamu ya siku zile ilikuwa na watu wengine. Kulikuwa na watumwa na waliokuwa watumwa, wahamiaji maskini na wachukuzi wa mizigo. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907. Watu hawa walikuwa Waislamu, walisali na walifunga, lakini elimu ya dini ilihesabiwa kuwa mali ya waungwana. Mtumwa kukaa darasani na mtoto wa kiungwana, akajifunza fiqhi na nahau, lilikuwa jambo zito.

Habib Swaleh aliwaendea hao hao. Alihamia upande wa kusini wa mji, Langoni, akawa anawasomesha. Wakubwa wa mji hawakupendezwa, hata baadhi ya masharifu wenzake. Walimlaumu kwa kuwapa elimu wasiostahiki, na tena kwa kuruhusu ngoma na dufu katika maulidi. Hakugombana nao. Aliendelea kusomesha.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Hakuwapa watu wa Langoni mawaidha peke yake. Aliwapa vitu vya kushika. Aliwapa herufi na kitabu, na anayejua kusoma hahitaji kumtegemea mwengine amsomee. Mgonjwa alimtibu, kwani alijulikana pia kwa tiba. Na aliwapa mahali pa kukutana ambapo hapana mtu aliyewauliza baba yao ni nani. Masimulizi ya Lamu yanasema pahali hapo palianza kwa udongo na makuti. Msikiti wa Riyadha tunaoujua ulikuja baadaye, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, watu wakiwa tayari wapo.

Jambo la pili ni wakfu. Ardhi ya Riyadha iliwekwa wakfu, maana yake haikuwa ya Habib Swaleh wala ya mwanawe. Haiuzwi, hairithiwi. Kiongozi akifa, pahali panabaki.

La tatu ni walimu. Aliandaa wanafunzi, nao wakaandaa wengine. Wakatoka Lamu wakaenda kufungua madarasa katika miji na vijiji vya pwani na hata bara. Alipofariki mwaka 1935, kazi haikusimama hata siku moja. Wanawe na wajukuu na wanafunzi waliishika. Hadi leo wanafunzi kutoka nje ya Lamu huja Riyadha kusoma.

Sasa tutazame vikundi vyetu. Kila mtaa una chama cha maziko, kikundi cha kina mama, kikundi cha vijana wa kusafisha ufuo, kamati ya madrasa. Nimekaa katika vikao vya vikundi kama hivi kwa miaka, na ninajua vinavyokufa. Mfadhili akija, huleta semina ya siku mbili hotelini, fulana zenye nembo na bango la kupigia picha. Mwanasiasa akija, huleta bahasha. Baada ya miezi sita fulana zimechakaa, bahasha imezua ugomvi, na kikundi hakina hata chumba cha kuwekea daftari lake.

Chama cha maziko kinahitaji turubai, jeneza, sufuria kubwa na mtu anayejua kuweka hesabu. Kina mama wanaoweka akiba wanahitaji mtu wa kuwafundisha kuandika kumbukumbu za mkutano na kufungua akaunti ya benki, tena aje kila wiki kwa mwaka mzima, si mara moja. Madrasa inahitaji hati ya kiwanja chake kabla haijahitaji rangi ya ukuta. Haya si mambo ya mamilioni. Fundi mstaafu anaweza kuyafanya, karani anaweza, mwalimu aliye likizo anaweza, na mwenye nyumba yenye chumba kitupu anaweza.

Wenye nafasi katika mji, nawaomba Maulidi ijayo waongeze jambo moja juu ya ziara. Waulize kikundi cha mtaani kwao kinakosa kitu gani, wakitoe kitu hicho, na wakiandike kwa jina la kikundi, si kwa jina la mwenyekiti. Habib Swaleh hakungoja wakubwa wa Lamu wakubaliane naye ndipo aanze. Alianza na wanafunzi aliowapata.